Ufagio wa Mama Patricia

Kitu cha kwanza kilichonikera kwa Mama Patricia kilikuwa ufagio wake. Nilipohamia ghorofa ya juu ya nyumba ile ya mtaa wa East Side, yeye alikuwa tayari anaishi chini. Mji wetu wa Buffalo, huku Amerika, unataka mtu aondoe theluji mbele ya nyumba, pale wapita njia wanapopita, basi. Uani hakuna mtu wa mji anayekuja kukagua. Lakini Mama Patricia, jina la ubatizo Adolphine, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini utamkuta uani na koti la marehemu mume wake, anafagia theluji. Si kwa beleshi, kwa ufagio. Na haiondoi. Anailainisha tu, akirudi kinyumenyume kutoka kwenye pengo la uzio mpaka mlangoni, hadi uwanja wote unakuwa kama kitanda kilichotandikwa.

Nikamwambia, bon, kama nguvu zimekuzidi, njoo unifagilie na gari. Alicheka kwa adabu na kesho yake akafagia uwanja uleule. Mimi nina mdomo, kila mtu kanisani anajua, lakini kwa mwanamke yule mdomo wangu haukufanya kazi.

Mwezi wa pili wa mwaka 2015 ulikuwa mbaya kabisa. Mimi ni mtu wa Bukavu, najua mvua, najua ukungu wa ziwa, lakini ile haikuwa baridi ya kuzaliwa nayo mtu. Theluji ilianguka juu ya theluji. Jua likitoka linatudanganya tu. Milango ya magari iliganda, na Patricia, binti yake, ambaye siku zote ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, mwezi ule hakujibu kwa lugha yoyote, alitikisa kichwa ndani ya skafu. Shemeji ya Mama Patricia, Jean-Baptiste, alipiga simu kila Jumapili kutoka Louisville, akiwaambia wahamie kule mtaa wa South End, kwao theluji ni mgeni wa siku mbili. Mama Patricia alikataa. Alisema amehama vya kutosha. Alikuwa na kazi yake ya kukunja mashuka ya hospitali, na baba yake mzee alikuwa ameanza kuizoea nyumba.

Baba yake ndiye Mzee Nyarugabo. Alichunga ng'ombe maisha yake yote, milimani juu ya Uvira. Sasa akili ilikuwa inakuja na kuondoka. Ikija, anakuita kwa jina na kukuuliza kwa nini hujaolewa tena. Ikiondoka, anakaa dirishani akiangalia viwanja vitupu nyuma ya nyumba yetu, pale nyumba za zamani zilipobomolewa, na kulalamika kwamba malisho yote yale yanakaa bure. Mama Patricia alimpenda yule mzee kupita kiasi. Katika familia ya watu wengi, ni yeye tu aliyebaki wa kumwita mwanangu.

Siku moja nilimkuta uani anafagia huku analia. Nikasahau utani. Akanishika mkono, akaniambia kwamba kuna mtu anakuja. Asubuhi nyingi anakuta nyayo kutoka kwenye pengo la uzio mpaka mlango wa nyuma, na nyingine zinarudi. Mtu anakuja mpaka mlangoni, hagongi, anaondoka. Nikamwambia ni wezi, au ni watoto wa mtaa wanakata njia. Akasema hapana. Ni wale wa kule, au ni Aloisi.

Ndipo nikaelewa ufagio. Aloisi alikuwa kaka yake. Wakati wa vita familia ilijificha kwenye kichaka, mvua imenyesha, udongo umelowa. Aloisi alitoka kutafuta maji, akarudi na maji, na watu wenye bunduki wakafuata nyayo zake kwenye matope mpaka kichakani, wakaua wote waliowakuta. Mama Patricia na baba yake waliponea kwa sababu walikuwa upande wa pili wa mto. Tangu siku hiyo mwanamke huyu hakuacha alama yake nyuma, si njiani, si kambini Burundi. Kambini walimsifu ati ni msafi. Halafu wakamleta kwenye nchi ambayo kwa miezi mitano ardhi yote inaandika ulikopita. Niliona aibu kwa yale maneno ya gari langu. Nikapanda kwangu, na nakiri, nilifunga pazia la nyuma.

Ikafika Jumamosi moja. Nilikuwa nachemsha chai nikasikia Mama Patricia ananiita kutoka ngazini kwa sauti ambayo si yake. Nikashuka na kandambili. Kitanda cha Mzee kilikuwa kitupu, blanketi halipo, fimbo haipo. Mlango wa nyuma haukufungwa kwa ufunguo. Nikakimbilia mlangoni kutazama ameelekea wapi, na mbele yangu uwanja ulikuwa laini, mweupe, hauna hata alama ya paka.

"Umeshafagia?" nikamwuliza.

Alikuwa bado ameshika ufagio. Akakaa kwenye ngazi.

"Leo nilikuta nyayo zinaondoka tu," akasema. "Zilikuwa za upande mmoja. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, ameondoka, hatarudi tena."

Zile nyayo hazikuwahi kuwa za mtu anayekuja na kurudi. Zilikuwa za mzee anayekwenda na kurudi, anayetafuta ng'ombe wake kabla watu hawajaamka, na binti yake kila siku alimfutia njia bila kujua. Patricia akapiga simu polisi, angalau Kiingereza chake kilipata kazi. Lakini baridi ile haingojei polisi.

Nikamwuliza ufagio ulikomea wapi. Kwenye pengo la uzio, akasema. Tukaenda, na kweli, upande wa pili nyayo zilikuwepo, zinakata viwanja vitupu, kando yake vitundu vya fimbo. Nikamwambia twende. Hakusogea. Alizitazama kama mtu anayetazama moto.

"Mimi sifuati nyayo za mtu," akasema.

Nilikasirika, na siombi msamaha. Nikamwambia basi abaki na ufagio wake, mimi nitamfuata Mzee. Nikaanza kutembea. Nilifika mbali kidogo nikasikia theluji inavunjika nyuma yangu. Alikuwa anakuja, ufagio ameuacha umelala penye uzio, anatembea pembeni ya nyayo za baba yake ili asizikanyage. Analia kwa sauti, na anaomba msamaha, lakini si kwangu. Jina alilokuwa akilitaja ni la Aloisi.

Tulimkuta mtaa wa pili, nyuma ya gereji iliyobaki nusu ya paa. Alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika blanketi mpaka kichwani, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa hai. Mama Patricia akafungua koti, akamkumbatia ndani yake. Mzee akafumbua macho, akamwangalia, halafu akatazama nyuma yetu, kule tulikotoka. Akamwuliza kwa lugha yao, nami naielewa kwa kuishi nao.

"Mmefuta nyuma yenu?"

"Hapana, Baba. Nimeziacha. Ndizo zimenileta kwako."

Mzee akafunga macho.

"Basi watatupata," akasema.

Polisi walifika kwa kufuata nyayo zetu. Walikuwa vijana wawili wapole, walimbeba vizuri. Lakini alipoona watu wenye sare na bunduki wakitokea kwa njia ileile, Mzee Nyarugabo alimsukuma binti yake pembeni kwa nguvu zote alizobaki nazo, ili yeye akimbie.

Hospitali walimkata vidole vya mguu mmoja, kisha mapafu yakakataa. Alikufa mwezi wa tatu. Ndugu walikuja kwa magari kutoka Louisville na Columbus, tukalia, tukaimba, tukapika. Mama Patricia alihudumia watu wote na hakushika ufagio. Ufagio niliofagilia sebule yake ulikuwa wangu.

Kisha theluji ikaanza kuyeyuka. Mimi nilikuwa sijui, lakini theluji iliyokanyagwa inachelewa kuyeyuka kuliko nyingine, kwa sababu imeshindiliwa ikawa barafu. Kwa hiyo nyasi zilitokea kila mahali huko viwanjani, na juu ya nyasi nyayo zikabaki, nyeupe, moja moja. Za Mzee, na pembeni yake zetu. Asubuhi moja nilimkuta Mama Patricia amesimama kwenye mlango wa nyuma akiziangalia. Uani kwetu hakukuwa na kitu, nyasi tupu. Nyayo za Mzee zilianzia penye uzio, kama mtu aliyeanza kutembea kutoka hewani.

Nikamwambia aingie ndani, kuna baridi.

"Kutoka hapa mpaka pale," akasema, akionyesha uwanja, "ni mimi niliyemfuta."

Nilibaki naye pale mlangoni mpaka basi lake la kazini likapita, na hakulipanda.