Eda ya Waridi na Mashine ya Ujerumani

Wanawake wa Mtongwe tuna midomo, na mimi Nyamvula ni mmoja wao. Waridi, jirani yangu, alipofiwa na mumewe akakaa eda, tulisema sana. Mjane gani huyu, tulisema, havuki kizingiti, hapaki wanja, hasemi na mwanamume asiye maharimu yake, na huku kila asubuhi yuko Ujerumani?

Kazi yake ndiyo ilivyokuwa. Bwana Jamaludin, mfanyabiashara wa Kisauni, aliwauzia watu nafasi ya kuweka tovuti zao: hoteli za Shanzu, shule, mwuza magurudumu wa Changamwe. Tovuti zote zilikaa ndani ya kompyuta moja kubwa, seva, iliyokuwa huko Ujerumani, na Waridi ndiye aliyeitunza. Alifungua dirisha jeusi kwenye laptop yake, akaandika mstari mmoja, na ufunguo wake wa siri, ambao ni faili tu wala si chuma, ukakubaliwa kule, naye yumo ndani. Alifungua akaunti, akatengeneza iliyoharibika, akafuta takataka, na hajainuka mkekani. Siku moja nilimtania kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akanijibu bila kuinua macho, "Nyoka wa huku wafa, Nyamvula. Nipishe mwanga."

Aliyelichukia dirisha lile ni Samah, wifi yake, dada wa marehemu Hashim. Siku Hashim alipogongwa na lori kule Changamwe, alikuwa ametumwa na mkewe akanunue chaja ya laptop. Chaja ilirudi nzima. Samah hakulisahau hilo wala hakutaka mtu alisahau. Akimwona Waridi anaandika, husema kwa sauti ya kunifikia mimi upande wa pili wa ukuta, "Mashine imemla ndugu yangu, na mwenyewe bado aikumbatia." Na Waridi hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Sisi majirani tulimhesabia hilo kuwa kosa.

Nyumba aliyokaa Waridi ilikuwa ya Bi Sabah, mama yao Samah na Hashim. Bikizee huyu kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Ameambiwa mara nyingi kwamba mwanawe amekufa, na kila akiambiwa ni habari mpya, hulia upya kama siku ya mazishi. Sijaona adhabu kama ile, na sijui mama wa watu alikosa nini.

Hashim alikuwa mwalimu wa madrasa. Alirekodi darsa zake, na kila mwisho wa darsa alimsalimu mamake mumo humo: "Shikamoo mama, umekula?" Simu yake ilipondeka pamoja naye. Rekodi zilibaki mahali pamoja tu, kwenye akaunti aliyofunguliwa na mkewe katika seva ile ya Ujerumani. Waridi, hodari wa kuwawekea wenzake nakala, za mumewe hakuziweka. Kinyozi hajinyoi. Na sasa hakuwa na moyo wa kuzigusa. Alimwahidi mkwewe, "Eda ikiisha, mama, tutamsikiliza sote pamoja." Bi Sabah, ambaye hata jina langu alikuwa amelisahau, ahadi hiyo hakuisahau.

Sasa huyu Jamaludin ni mtu wa nyumba za zamani, na adabu zao wazijua. Kwake yeye, mjane aliye edani hapigiwi simu wala haandikiwi na mwanamume. Shehe wetu alishasema kazi ya halali haina neno, lakini adabu ya watu wale huipita sheria. Kila agizo akalituma kwa sauti katika simu ya Samah, na Samah akamfikishia Waridi chumbani.

Ikaja habari kwamba seva imezeeka na kampuni yahamia nyingine. Ujumbe huo Samah aliufikisha: Waridi ahamishe tovuti za wateja wote. Akazihamisha moja moja, hoteli na shule na magurudumu, na hakuna mteja aliyejua kwamba amehamishwa. Akaunti ya Hashim haikuwa ya mteja. Aliiacha palepale, aihamishe siku atakapopata nguvu za kuitazama. Kutoka hapo akawa anaingia katika seva mpya tu.

Ujumbe wa pili haukufika. Jamaludin alisema mashine ya zamani itazimwa Ijumaa na kila kilichomo kitafutwa, kwa hivyo Waridi akiwa na kitu chake akitoe. Samah alimjibu papo hapo: asema amekwisha toa. Alidhani kilichobaki mle ni kazi za Waridi, na zikipotea atafukuzwa, abaki na msiba wake tu wa kukumbatia. Hayo aliyasema mwenyewe baadaye. Sauti ya nduguye alidhani imo ndani ya laptop, kama sisi sote tulivyodhani.

Eda ikaisha. Waridi akaoga, akabadili nguo, tukamfukiza udi. Bi Sabah alitaka leso safi. "Mwanangu asinikute mchafu," alisema, akaketi kitini akatulia kama anayengoja mgeni. Waridi akafungua dirisha jeusi mbele yetu, akaandika mstari wake. Dirisha likakaa kimya. Akaandika tena. Likajibu kwamba mashine hiyo haifikiki.

Akampigia Jamaludin, maana sasa aliweza, akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Pole kwa yote, binti yangu," alisema Jamaludin. "Ile si tuliizima zamani? Nilimtuma Samah akwambie utoe vyako. Akanambia umekwisha toa."

"Na nakala?"

"Nakala ya nini tena? Wateja wote walishahama. Wenye mashine wameipangusa, wamempa mtu mwingine."

Tukamgeukia Samah. Alikuwa amekwajuka uso. "Wallahi mimi nilidhani ni vitu vya kazi," alisema. "Sauti si imo humo ndani?"

"Humu hamna kitu, Samah," alisema Waridi. "Humu ni mlango tu."

Nilitamani kumzaba Samah kofi. Namchukia mpaka leo, na sioni haya kusema.

"Hashim yuwapi?" aliuliza Bi Sabah. "Mbona hanisalimu?"

Waridi akaifunika laptop. "Mwambie mamako," alimwambia wifi yake. "Mwambie ulilolifanya, na mwanawe aliko." Hakungoja. Alasiri ile alikwenda kwao Jomvu Kuu na mashine yake kwapani. Kazi anayo bado, na Jamaludin siku hizi humpigia mwenyewe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu ameingia na mamake. Bi Sabah huamka amesahau kila kitu ila ahadi. "Eda imekwisha, Samah. Niwekee Hashim." Na Samah humweleza tangu mwanzo, lori, kaburi, mashine, na bikizee hulia kilio cha siku ya kwanza. Mimi husikia yote ukutani. Juzi Samah alichoka. Nikamsikia anaikaza sauti yake iwe nene: "Shikamoo mama, umekula?"

"Huyo si mwanangu," alisema Bi Sabah. "Niwekee Hashim."