Mstari wa Besi Uliobaki Mtupu

Jumatano ile nilikuwa nimepindua baiskeli ya muuza maziwa, magurudumu juu, nakaza spoki, simu ikaita. Nikaitoa mfukoni kwa vidole viwili kwa sababu ya grisi. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya yetu. Akanipa shikamoo, nikaitika, akauliza nimeamkaje, akauliza na mguu wangu unaendeleaje, na hapo nikajua kuna jambo, maana yule bwana si mtu wa kuulizia mguu. "Mzee, Karani ametutoka," akasema. "Presha. Alfajiri ya leo." Nikasema haya. Nikamaliza spoki za yule mtu, kwa kuwa alikuwa amesimama na madumu yake ananingoja, kisha nikafunga kibanda nikakaa ndani.

Sitaji majina katika safu hii, mnajua, na aliyekufa ndiye wa kuhifadhiwa zaidi maana hawezi kumwandikia mhariri barua. Tulimwita Karani kwa kuwa ndiyo kazi yake: karani wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, mtu wa mafaili. Mzaliwa wa Mlali, mpole, shati la mikono mirefu hata kwa jua la Oktoba. Lakini kazi aliyoipenda aliifanya nyumbani akishatoka ofisini, nayo ilikuwa kuandika nota za nyimbo kwa kompyuta. Watu hudhani unaiimbia kompyuta nayo inaandika. Hapana. Alikuwa anaweka nota moja moja, kama mtu anayepanda karanga, hii hapa, hii pale, na chini ya kila nota silabi yake. Ile programu imetengenezwa na watu wasiojua Kiswahili, kwa hiyo ukiiachia ikate maneno yenyewe inakata pabaya, inaandika Mun-gu, naye anarudi nyuma anaandika Mu-ngu, beti zote nne. Kisha anapanga kurasa. Siku moja nilimkuta ameinamia karatasi anahesabu kwa vidole, nikamuuliza anahesabu nini. "Natafuta mahali besi mnapopumzika, Mzee, ukurasa uishie hapo. Mkigeuza karatasi huku mnaimba, mnameza maneno." Nikamwambia besi hatujawahi kumeza neno. "Mmemeza mengi," akasema, "ila mnameza kwa sauti nzuri." Nilimwelewa, maana na yangu ni kazi ya namna hiyo. Baiskeli niliyoifunga vizuri, mwenyewe hajui nilifanya nini. Anaona tu inakwenda.

Sasa nifike mahali ambapo nilikuwa sitaki kufika. Shule mimi niliishia darasa la nne. Herufi nazisoma, ndiyo hivi naandika na binti wa gazetini ananinyooshea. Nota sizijui. Sikio langu lilifundishwa na spoki: ukiigusa kwa bisibisi, iliyokaza inalia juu, iliyolegea inalia chini, na kwa sikio hilo nimeimba sauti ya nne tangu ujana. Tulifundishwa kwa mdomo. Karatasi zilipokuja nilizipokea kama wenzangu, nikazishika, nikageuza walipogeuza. Miaka ikaenda nikawa kiongozi wa besi, na kibaya zaidi nikawa mkali. Kijana akikosea nilikuwa namwambia, "Tazama karatasi, bwana. Imeandikwa ya nini?" Mwaka mmoja, kwenye mazoezi ya Pasaka, duka la steshenari lilichanganya kurasa, na mimi nikaimba wimbo wa ufufuko mpaka mwisho nimekodolea macho ukurasa wa wimbo wa Jumatano ya Majivu. Karani alipita akikusanya karatasi. Akaitazama yangu, akanitazama mimi, akasema, "Hii imechafuka, Mzee, kesho nitakupa nyingine." Haikuwa na doa hata moja. Nikajiambia hakuona. Mtu ukitaka jambo sana unaliamini.

Tangu serikali ihamie huku, kwaya yetu imejaa watumishi wa kutoka Bukoba, Mbeya, Moshi, vijana wanaosoma nota kama mimi ninavyosoma tangazo la msiba. Ukitaka kuwafundisha kwa mdomo wanakuuliza, "Mzee, hakuna karatasi?" Siwalaumu. Zamani wimbo ulikaa kifuani kwa kuwa haukuwa na pengine pa kukaa, na mwenye kifua akihama, wimbo umehama. Leo usipokuwa kwenye karatasi, au kwenye simu zao wanakorushiana hizo karatasi, haupo. Karani alikuwa na neno lake la masjala kuhusu hilo: jambo lisilo na faili halina mwenyewe. Ndiyo maana akaanza kuwafungulia mafaili wazee wetu.

Kuna wimbo wa shukrani ya mavuno aliutunga katekista mmoja wa Mlali, enzi hizo nami niko kijana nafunga baiskeli huko. Aliutunga kichwani wakati wa kuvuna uwele, akatufundisha kila sauti kwa siku yake, besi Jumamosi, wala hakuandika popote. Karani alipoamua kuuandika, sauti ya kwanza aliipata kwa kina mama, ya pili kwa mkewe, ya tatu kwa mzee mmoja wa Hombolo mwenye shamba la zabibu. Ya nne ilibaki kwangu. Tulikuwa besi sita, na watano nimewasindikiza makaburini kwa zamu. "Mzee, lini utanipa besi?" "Wiki ijayo." Wiki ijayo nina mafua. Nyingine nina msiba. Nyingine mvua zimeanza na shamba halijaguswa. Hakuwahi kukasirika. Alikuwa anasema, "Basi ukipata nafasi." Tukaenda hivyo miaka miwili. Nilikuwa naogopa atafungua ile kompyuta yake ya kukunja, anigeuzie, aniambie, Mzee, soma hapa, ni hii au ni hii? Na mkewe yuko ukumbini anasikia. Jumapili inayofuata kanisa zima linajua kwamba kiongozi wa besi alikuwa anashika karatasi kama mtu anayeshika mwavuli.

Tulimzika Ijumaa, Mlali. Mwenyekiti akataka tuimbe wimbo ule kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuwa nayo mkononi, wakautoa kwenye kompyuta kama alivyouacha, zikagawiwa kopi. Sauti tatu zimejaa nota, zimepangika vizuri, kila ukurasa unaishia pa kupumzika. Ya nne, mistari mitano mitupu, kurasa zote tatu. Chini yake maneno yamekwisha kukatwa silabi kwa silabi, yanangoja. Asiyejua nota naye patupu anapajua. Vijana wa besi wakanigeukia. "Mzee, sisi tuimbe nini?" Nikawaambia nifuateni. Wakajaribu mstari mmoja, wakanyamaza mmoja mmoja, nikabaki peke yangu. Nilikwenda vizuri beti mbili. Ya tatu kifua kikabana nikakohoa, na nilipokuwa nakohoa nikausikia wimbo ule bila mimi: sauti tatu zinaendelea huko juu, na chini hakuna mtu. Nimeimba maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia nafasi yangu ikiwa wazi. Waombolezaji nadhani hawakutambua. Mimi nilitambua.

Matanga yalipoisha, nikaenda kwa mkewe Jumapili baada ya ibada. Tukasalimiana Kigogo, mbukwa kwa mbukwa, akanipa kiti, akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Yeye huimba sauti ya pili, na macho ya mumewe yalipochoka ndiye aliyekuwa akimwekea nota kwenye ile kompyuta, kwa hiyo kazi anaijua.

"Shemeji," nikasema, "kabla ya yote. Mimi nota sizijui. Sijawahi kuzijua."

Hakuinua kichwa. "Yeye alijua. Tangu ile Pasaka ya karatasi. Alirudi akanieleza, akasema nikikucheka tutagombana."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Angekwambiaje? Wewe mkubwa kwake. Alisema Mzee akiwa tayari atakuja mwenyewe."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema huyo hatakuja mpaka mmoja wenu afe." Akatupa kijiwe nje. "Ila nilidhani utatangulia wewe."

Tukacheka, yeye kwanza. Akabandika maharage, akaosha mikono, akaifungua kompyuta mezani. Sikugeuziwa kitu cha kusoma. Niliimba kipande, akabonyeza, mashine ikanirudishia kwa sauti kama ya filimbi, nami nikasema hapo sawa, hapo shuka kidogo, hapo nyosha. Mara moja nikamuuliza, "Hapo nimekosea mimi au mashine?" Akasema, "Wewe," nikarudia. Tulipofika mwisho akaufungulia wote, sauti nne pamoja, akajifuta macho kwa upande wa kanga, nami nikatazama ukutani mpaka akamaliza. Kazi niliyoikwepa miaka miwili iliisha maharage hayajaiva.

Hilo la maharage ndilo linalonisumbua. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini huwa tunawaambia watoto, sisi wakubwa hatujiambii. Huku kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na hata faraghani hutafuta pa kupitia, na mimi sisemi desturi hiyo ifutwe, imetulea. Ila niliigeuza kichaka. Nilijua yule bwana hawezi kunibana, nikajibanza humo humo ndani ya adabu yake, na laiti ningekufa mimi Jumatano ile, wimbo wa katekista ungezikwa na mguu wangu mbovu kwa sababu tu sikutaka kusema maneno mawili.

Jumamosi iliyopita niliyasema. Karatasi mpya zilikuwa zimegawiwa, mstari wa nne umejaa, nikasimama mbele ya besi nikawaambia kwamba haya yaliyoandikwa hapa ni ya kwangu, na mimi siwezi kuyasoma. Kijana mmoja wa Bukoba, afisa wa wizara huyo, akasema, "Mzee, kumbe? Na ulivyokuwa ukinifokea."

"Nilikufokea. Nisamehe. Sasa njoo unionyeshe hapa pamesemaje."

Akaja, akaweka kidole kwenye nota ya kwanza, akaiimba, nikaiimba, tukasogea ya pili. Nimefika ukurasa wa kwanza nusu. Wewe unayesoma, kama kuna mtu anakungoja kwa upole, hakusukumi, kila mkikutana anakwambia ukipata nafasi, nenda kwake wiki hii. Usidhani amekupa muda. Ule muda ni wake.