Jicho Lile Halikuwa Linalia

Mimi si msemaji. Wanaonijua hapa kanisani wanajua kwamba zamu yangu ya kuomba ikifika, mimi huitikia amina ya mwenzangu na kukaa. Lakini kina mama wanaotembelea wagonjwa wameniomba nieleze habari ya uso wangu, kwa sababu wengine wenu mnauona umekaa upande na mnaogopa kuuliza. Nitaieleza kama ilivyokuwa. Nikichoka nitapumzika kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tukiishi Gatina, Kawangware, katika chumba kimoja cha udongo na mabati, mimi, mume wangu Ambani na binti yetu Rasoa. Ambani alikuwa fundi wa mawe. Alijenga sana kule Ayany, upande wa Kibera, nyumba ambazo sisi wenyewe hatungeweza kupanga. Jioni alirudi nywele zimekuwa nyeupe kwa simiti. Mimi nilikuwa nikifuma vitambaa vya kufunika viti na meza, kwa uzi mweupe na sindano ya kroshia, na wanawake walivinunua kwa sababu mshono wangu ulikuwa mdogo na sawa. Kazi ile ni ya macho.

Hatukuwa watu wa maneno mengi. Ambani akifurahi alipiga mluzi. Akikasirika alinyamaza. Nilizoea kusoma kunyamaza kwake, nikajua kupi ni kwa uchovu na kupi ni kwangu.

Alikufa kwa kichomi. Alianza kukohoa, akasema ni vumbi la mawe, akaendelea kwenda kazini mpaka siku aliyoletwa nyumbani na wenzake wamemshika makwapani. Nilimuuguza. Nilimwaga beseni la makohozi yenye damu, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko. Tulipomfikisha hospitali hakukaa sana. Alipokata roho nilikuwa nimeshika mguu wake, kwa kuwa mikono yake muuguzi alikuwa akiifanyia kazi.

Tulimpeleka nyumbani Bunyore kwa lori lililo wazi. Nilikaa kando ya sanduku, upepo ukinipiga upande wa kushoto njia nzima.

Kwetu mjane huanza kulia langoni, kabla hajaingia bomani. Hulia kwa sauti, akimtaja mume wake na mema yake, na wengine humfuata. Nilipofika langoni wanawake walinipisha mbele, wakanyamaza wakinisubiri. Sauti haikutoka. Sikukataa kulia. Nilikitafuta kilio nikakikosa, kama mtu anayetia mkono mfukoni akakuta tundu. Nilipita, nikaketi chini karibu na sanduku. Mama mkwe wangu alinitazama, kisha akaanza kulia yeye. Hakuna aliyeniambia neno siku ile.

Tulizika, nikarudi Gatina na Rasoa. Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nikisukutua mdomo, maji yakanitoka yenyewe, yakatiririka mpaka kifuani. Nikajaribu tena, yakanitoka tena. Nilihisi shavu la kushoto limekuwa zito kama nyama ya mtu mwingine. Jirani yangu Wanjiru, muuza makaa, alikuwa akipanga mikebe yake nje. Aliinua kichwa akaniangalia.

"Jerida, huo uso umeenda wapi?"

Alinishikia kioo chake kidogo. Mdomo ulikuwa umevutwa kuelekea kulia. Jicho la kushoto lilikuwa wazi kabisa, na nilipojaribu kulifunga, mboni ilipanda juu ikabaki nyeupe tupu. Chai nilikunywa nikiwa nimebana midomo kwa vidole. Ugali ulijazana kati ya shavu na ufizi, nikautoa kwa kidole. Jina la Ambani nilishindwa kulitaja sawasawa, kwa maana linahitaji midomo miwili na mimi nilikuwa na mmoja na nusu. Wanjiru alifanya mzaha ili nisiogope. Alisema sasa nina uso wa kazi na uso wa Jumapili, nichague wa kutembea nao. Nilicheka kwa upande mmoja. Alipoona kicheko kile aligeuka akaanza kupanga makaa yaliyokuwa yamekwisha pangwa.

Kwenye zahanati, daktari alikuwa kijana wa Kijaluo mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Aliniambia nikunje paji, nikashindwa. Akaniambia nitabasamu, akaona ya kutosha.

"Mshipa wa uso umelegea," akasema. "Mara nyingi hurudi wenyewe. Jicho ndilo la kuangalia. Lipake dawa hii, na ukilala lifunge kwa plasta. Likikauka utalipoteza."

Nikamuuliza ni kwa nini imenipata mimi, na wakati huu. Akasema hajui. Nikamuuliza tena, nikidhani hakunisikia. Akasema, "Mama, sijui. Hakuna anayejua." Sikulipenda jibu lile. Nilitoka pale nikiona kwamba mtu asiyejua ni kwa nini, basi hajui chochote.

Shemeji yangu Shem, aliyekuwa akifanya kazi ya bustani Lavington, ndiye aliyeleta jibu. Alikuwa ametoka nyumbani Bunyore, na mama yake alimpa maneno ya kuniletea. Aliyasema akiangalia chini. Mama alisema mdomo uliomnyima mwanawe kilio ndio uliopinda, na jicho lililokataa kulia limekatazwa kulala. Alisema Ambani amekasirika, na kwamba kuna mama nabii Kibera, mtu wa kwetu, niende anione.

Sikubisha hata kidogo. Kwa kweli nilihisi mzigo umeshuka, maana sasa jambo lilikuwa na sababu.

Tulitembea na Shem, tukavuka barabara ya Ngong, tukateremka Kibera mpaka chumba ambamo watu wa kanzu nyeupe walikuwa wakisali. Mama nabii alikuwa mtu mpole, na sitamsema vibaya. Alinishika kichwa, akaomba sana, jasho lake likanidondokea. Kisha akaniambia niibandue plasta. Alisema jicho lile liachwe wazi mpaka lilie, na likilia nitajua mume wangu amenisamehe, na mdomo utarudi. Nikabandua. Ile dawa ya kupaka niliiweka juu ya rafu, nyuma ya sufuria.

Baada ya siku kadhaa jicho likaanza kutoa machozi. Yalitoka bila kukoma, mchana kutwa, yakilowesha kitambaa nilichokuwa nikifuma. Liliuma kama lenye mchanga. Likawa jekundu, mwanga wa mlangoni ukawa kama sindano. Nami nilikuwa nikifurahi. Nilikuwa nikiketi mlangoni jicho linachuruzika, nikisema moyoni, Ambani, ndio haya, nakupa haya. Nilihisi ananisikia. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe nilikuwa na mtu wa kuongea naye. Kadiri lilivyouma ndivyo nilivyoamini.

Wanjiru ndiye aliyeliona doa. Alikuja kuazima kiberiti, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. Alisema kuna kitu cheupe juu ya mboni, kama ukoko wa uji. Nikamwambia asiogope, ninamlilia mume wangu. Aliita binti yake aangalie makaa, akanivuta mkono kama mtoto. Njiani nilimwambia aniache, ataniharibia. Akasema, "Utanichukia ukiwa na macho mawili."

Katika hospitali ya macho, muuguzi mmoja mtu mzima alinilaza chini ya taa. Nilimwambia na yeye kwamba ninalia, asiyazuie. Sikutaka yakauke kabla kazi haijaisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ukali:

"Hulii, mama. Jicho linavuja. Limekauka, likapata kidonda, na kidonda kikitoboa litamwagika lote. Nani alikwambia ubandue plasta?"

Walinishona kope, ya juu na ya chini, wakaacha mwanya mdogo wa kutilia dawa. Ile sindano ya ganzi niliihisi mpaka kwenye meno. Nililazwa wodini, na Rasoa akakaa kwa Wanjiru.

Ndugu zangu, maumivu ya jicho hayakuwa kitu. Yalikuwa na dawa. Kilichoniuma ni kulala pale na maneno ya yule muuguzi. Kama jicho lilikuwa linavuja tu, basi wakati ule wote nilioketi mlangoni nikiongea, nilikuwa naongea na nani? Nilijiuliza kwa nini nilikuwa mwepesi hivyo kuamini kwamba Ambani amenikasirikia, mtu ambaye hakuwahi kuniinulia mkono. Nikaona jibu, na halikunipendeza. Mume aliyekasirika bado yupo. Kunyamaza kwake nilikujua, niliishi nako. Nilikuwa radhi anipinde mdomo, anipofue, mradi awe bado ni yeye ananifanyia. Kunyamaza huku kwa sasa kulikuwa kwingine. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Nilimwomba Mungu anipe maana nyingine badala ya ile. Labda ananifundisha subira, labda ananiandaa kwa jambo. Nilizijaribu moja moja, na zote zilinichosha. Mwishowe niliacha kuomba maana. Nikaomba usingizi, na usingizi nikapewa. Sikuacha kumwamini Mungu, niliacha kumtungia maneno. Tangu hapo nikisali husema machache, na kunyamaza kwake sikusomi.

Kisha uso ukaanza kurudi. Nilikuwa nimeruhusiwa, niko nyumbani, napuliza uji wa Rasoa, nikahisi pembe ya mdomo inatetemeka kama uzi unaovutwa. Wiki baada ya wiki shavu likaamka, ingawa mdomo haukunyooka wote. Sikuwa nimerudi kaburini, sikuwa nimelia, hakuna kilichochinjwa, hakuna aliyesamehe. Uliondoka haukusema kitu, ukarudi haukusema kitu, kama yule kijana wa zahanati alivyoniambia. Nyuzi za kope zilitolewa. Jicho limebaki na kovu, naona kwalo kama mtu anayechungulia kwenye nailoni. Vitambaa bado nafuma, ila polepole.

Mavuno yalipoisha, mama mkwe wangu alikuja. Hakuwa amewahi kufika Nairobi. Shem alimleta mpaka mlangoni na kikapu cha ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Aliingia, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua nyungu.

"Uso umerudi," akasema. "Ulilia basi."

"Hapana, mama. Sikulia."

"Nabii alikuombea tena?"

Nikamwambia sikurudi kwake, na jicho lilikaribia kupotea. Nikamweleza yote, pamoja na kushonwa. Alikaa kwenye kigoda akivuta pindo la leso yake. Rasoa alikuwa amelala na juu ya jiko kulikuwa na maji yanachemka. Nilipika ugali, nikamkaangia mboga za sukuma wiki, tukala pamoja.

Kuna jambo sijawaambia. Uso uliporudi, mishipa ilijiunga vibaya. Mpaka leo nikitafuna, jicho la kushoto hutoa machozi. Basi nilipotia tonge la pili mdomoni, chozi likateremka. Mama mkwe aliacha kula. Uso wake ulibadilika, nikaona furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu msiba. Alisema polepole, kama anayeogopa kumfukuza ndege.

"Ni yeye. Anakula nasi."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa mama yake, alikuwa mzee, na alikuwa ametoka mbali. Neno moja la kuitikia lingemtosha arudi nyumbani ana mwana. Lakini nilijua mahali neno lile lingempeleka, maana nilikuwa nimetoka huko.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni mshipa. Hufanya hivyo kila nikitafuna. Ambani hajasema kitu."

Nilidhani atasimama aondoke.

"Hata kwangu," akasema. "Mbwa akibweka, nasema ni yeye. Jogoo akiruka juu ya kaburi, nasema ni yeye. Usiku nakaa mlangoni nasikiliza mpaka masikio yananiuma." Akachovya tonge kwenye mchuzi lakini hakulila. "Hajasema kitu, Jerida. Nilidhani labda kwako amesema."

Tukakaa. Hatukulia, wala yeye wala mimi. Baadaye alinyoosha mkono akanifuta shavu kwa pindo la leso.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ugali unapoa."

Alikaa nami mwezi mzima, na usiku alilala. Namshukuru yeye, namshukuru Wanjiru, na yule muuguzi ambaye jina lake sikuuliza. Nanyi mnaoenda kuwaona wagonjwa, nawaomba kitu kimoja. Mwulizeni mgonjwa anaumwa wapi, mumfanyie hilo mnaloweza. Akiwauliza ni kwa nini, na hamjui, mwambieni hamjui. Kisha msiondoke upesi.