Kifaransa cha Vita

Kaka yangu alimzaba mwanangu kofi katikati ya mistari ya chai, Jumapili mchana, nami nikamvamia na mwiko wa ugali niliotoka nao jikoni. Sijutii. Ningekuwa na kitu kizito zaidi, ningekitumia.

Chanzo kilikuwa Kifaransa. Watoto wangu wawili, msichana na mdogo wake wa kiume, walizaliwa Lome, Afrika Magharibi, kwa baba yao. Baba yao alipokufa kwa ajali ya pikipiki, niliwaleta kwetu, upande wa Mogogosiek, katika boma aliloachiwa kaka yangu. Mama mkwe wangu alibaki kule peke yake. Marehemu alikuwa mtoto wake wa pekee. Kila Jumapili baada ya kanisa alipiga simu kuongea na wajukuu, na lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa hiyo tu.

Nayo ilikuwa inakufa nikiona. Shuleni walipigwa ngumi kwa sababu ya matamshi yao, wakajifunza upesi: wakapigana kwa Kipsigis, wakatukana kwa Kiswahili, wakarudi nyumbani midomo imepasuka na Kifaransa hakipo. Bibi akipiga simu, mvulana alijibu "oui" na "non", akanirudishia simu na kutoroka. Siku moja yule mama alilia, akaniuliza amemkosea nini mtoto. Nilitaka kuvunja kitu.

Nikatafuta mtandaoni kila kilichosifiwa na wazazi wanaolea watoto wa lugha mbili ugenini. Katuni za sungura wanaonawa mikono. Nyimbo za kuhesabu bata. Kijana mpole anayemshukuru kila mtu hadi anakera. Wanangu walivitazama kama ng'ombe anavyotazama gari likipita, kisha wakaenda kucheza kwenye matope. Siwalaumu. Yule sungura hata mimi nilitamani aliwe.

Halafu nikapata mchezo wa redio wa sehemu nyingi, kuhusu malkia mwenye panga anayepigania kijiji chake. Humo vichwa vilikatwa, farasi walianguka, na matusi yalikuwa matamu kuliko muwa. Nilinunua spika ndogo sokoni Roret ili wasikie vizuri. Siku ya kwanza hawakuinuka hata kunywa chai. Baada ya muda mfupi walikuwa nyuma ya zizi wakichapana kwa fimbo, wakitishiana kuchunana ngozi kwa Kifaransa safi kabisa. Nilisimama mlangoni nikacheka mpaka machozi. Wazazi wema watanilaumu, na walaumu.

Jumapili ile vita vikahamia shambani. Mkulima wa chai huutunza mchai uwe bapa juu kama meza, na machipukizi yanayochomoza juu ya meza hiyo ndiyo mavuno yake. Watoto wangu waliona jeshi la adui limejipanga mstari kwa mstari, askari wote kimo kimoja. Wakalifyeka kwa fimbo zao. Vichwa vikaruka. Majani yaliyokuwa yachunwe Jumatatu yakalala chini, spika ikipiga kelele za farasi.

"Hii watoto yako ni wazimu!" kaka yangu alinguruma, akija mbio. "Hiyo majani ilikuwa ya kuchunwa kesho!"

Akamzaba mvulana, akainyakua spika na kuipigiza kwenye jiwe, akaikanyaga kwa buti mpaka waya zikatoka. Hapo ndipo mwiko wangu ulipotua kwenye paji la uso wake. Damu ikamtiririka hadi kwenye shati la kanisani. Akanikaba shingo. Nikamuuma mkono, nikasikia ladha ya chumvi, na bado sikuachia.

Simu yangu, iliyokuwa ikirusha mchezo kwenye spika, ikalia mfukoni mwa msichana. Aliipokea, na kabla hata ya salamu akamwambia bibi yake kila kitu, Kifaransa kikimtoka bila kusita. Sauti ya mama mkwe ikapaa kutoka simuni, kali, ndefu, isiyovuta pumzi. Mkono wa kaka yangu ukalegea shingoni mwangu.

Kwetu laana ya mama mzee aliyezika mtoto haichezewi. Unaweza kupigana na mwanamume yeyote wa Konoin, lakini mama wa namna hiyo akikutamkia neno, utamwendea na kondoo, ukiomba alifute. Huyu alikuwa upande mwingine wa Afrika, na kaka yangu hakujua hata neno lake moja.

"Anasema nini?" aliuliza, akijipangusa damu. "Huyo mzee ananilaani?"

Msichana alisikiliza hadi mwisho. Akavitazama vipande vya spika, akamtazama mjomba wake.

"Bado, anko," akasema. "Anataka kwanza asikie kutoka kwa yule uliyempiga."

Mvulana akachukua simu. Yule wa "oui" na "non". Aliketi juu ya majani yaliyofyekwa, shavu limemvimba, akaanza kusimulia: kofi, jiwe, buti, mwiko wa mama, maneno ya malkia yakichanganyika na yake mwenyewe. Bibi aliuliza, naye akajibu, akaongeza, akasahau kulia. Mimi ndiye niliyelia. Kaka yangu alisimama kando ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akingoja hukumu itakayotolewa kwa lugha aliyoikanyaga, na mtoto hakuwa na haraka hata kidogo.