Mbwa Wangu na Ndoo ya Mwenye Nyumba

Nilipopanga chumba Muyeye, mwenye nyumba, bibi mjane aliyeishi chumba cha mbele, alinikubalia nije na mbwa wangu kwa sharti moja: asikanyage uani. Ua ulikuwa wetu sote, na pale karibu na tangi ndipo alipoweka ndoo yake ya kutawadhia. Mimi ni Mgiriama. Kwetu Magarini mbwa hulala mlangoni na hakuna anayemuuliza. Lakini nyumba ni yake na ibada ni yake, nikakubali.

Nilichomficha ni kwamba masikio yangu yamekwisha. La kushoto halisikii kitu, la kulia husikia likipenda. Nikigeuka, mtu anaweza kubomoa mlango nisijue. Mbwa ndiye huniambia: hunigusa goti kwa pua, kisha hutazama mlangoni. Sikutaka kulisema hilo, maana mwanamke kiziwi anayeishi peke yake hupangishwa kwa huruma, na huruma mimi huniudhi.

Asubuhi moja kamba niliyomfungia mbwa ilikatika. Nilimkuta mbwa kichwa kimezama ndooni, anakunywa kama aliyealikwa. Bibi alikuwa ametoka. Nikamwaga maji, nikaisugua ndoo kwa sabuni ya unga mpaka ikang'aa, nikaijaza tena. Aliporudi nikamweleza yote, nikingoja kusifiwa.

Aliitazama ndoo bila kuigusa. "Mwanangu, mwisho wa mwezi mbwa huyo asiwepo hapa. Au mwende nyote wawili."

Nilipandwa na hasira. Nimesafisha, nimesema kweli, bado nafukuzwa? Nilijua kwamba mpangaji hatolewi kwa neno la mdomo tu, na nilikuwa tayari kwenda popote kudai haki yangu. Kwanza nikaenda kummwagia yangu mpangaji mwenzangu, muuza mahamri wa chumba cha pili, ambaye peke yake alijua kwamba nasoma midomo.

Aliacha kukanda unga, akanigeukia. "Sabuni haitoi najisi ya mbwa, dada. Chombo huoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa mchanga. Wewe ulitaka atawadhe kwa ndoo ile ile, aswali."

Usiku ule niliamua mambo mawili. Mbwa simtoi, kwa sababu tulikubaliana. Na sharti tulilokubaliana nitalitimiza, hata kama ni mimi niliyelivunja.

Asubuhi nikaketi mbele ya mlango wa bibi na ndoo yake, pamoja na mchanga niliouzoa kando ya ua.

"Mchanga huo kuku wapita juu yake," akasema. "Chimba."

Nikachimba. Nikaosha, yeye akihesabu kwa vidole, na aliponiona nafanya haraka akaniashiria nirudie. Mwisho akasema, "Sasa imetohirika."

Nikasimama. "Bibi, shikamoo, nisikilize. Leo nitaweka uzio mlangoni kwangu, kwa gharama yangu, asivuke tena. Akivuka, nitaosha tena. Lakini simtoi. Mimi ni kiziwi, na yeye ndiye anayenisikilizia mlango."

Aliyatazama masikio yangu. "Tangu lini?"

"Tangu kabla sijahamia hapa."

Akakaa barazani polepole. "Kila alfajiri ukifagia nakupa sabalkheri," akasema, "nawe wanipa mgongo. Nilidhani wanidharau. Nimekusema hata kwa majirani."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake yamelowa. Niliona haya. Nilijiona mjanja kwa kuficha uziwi wangu, kumbe siku zote hizo nilionekana namnunia mtu asiye na kosa. Nikaenda kununua fito.

Kabla ya magharibi uzio ulikuwa umesimama, umepinda kidogo upande wa tangi. Bibi akaja kuukagua, akausukuma kwa kiganja, ukastahimili. Mbwa alikuwa upande wangu, amelala. Kisha bibi akanigusa bega, akangoja mpaka nilipogeuka na kumtazama usoni, ndipo akasema, "Masalkheri, mwanangu."