Mbolezi Aliyopewa Mbuzi

Ungemwuliza Mwalimu Chokkalingam ametunga nyimbo ngapi, angekujibu papo hapo: mia nne na kitu. Ungemwuliza ni upi anaoupenda, angekutajia nyimbo za mungu Murugan, nyimbo za mwezi, na ule wa binti wa mfalme kwenye bembea. Ila ungeutaja wimbo wa mbuzi, ambao mwaka ulipotoka kila Mtamil mwenye mdomo aliuimba, angeomba maji ya kunywa, kisha angekuuliza habari za watoto. Watu walisema mzee yule ana unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ilikuwa aibu, tena aliistahili yote.

Alizaliwa Karisalpatti, kusini ya Madurai, kwenye ardhi nyeusi ya pamba ambako mtu huchimba kisima miezi minne akapata tope. Baba yake alifariki mapema. Aliyemlea, mbali na mama, ni dada yake Pechiyammal, mkubwa kwake kwa miaka tisa, aliyezunguka naye kiunoni mpaka kiuno kikapinda. Alipotimiza miaka kumi, kundi la maigizo lilipita kijijini likamchukua kwa sababu ya sauti yake. Sauti ilipokatika kwa ubarobaro, akabaki kuwafundisha wengine mashairi, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina tupu. Akawa Mwalimu.

Kisha picha za sinema zikaanza kusema, na makundi ya maigizo yakafa moja baada ya jingine. Mwalimu naye akafunga kifurushi akaenda Madras, kama walivyokwenda wote waliojua kupanga vina. Kazi ilikuwapo. Picha moja ya siku hizo ilikuwa na nyimbo thelathini, arobaini. Watu walikufa wakiimba, walipigana wakiimba. Tajiri wa picha alikuja asubuhi na santuri ya Kihindi kutoka Bombay, akaiweka kwenye gramafoni, akasema, "Haya, tia maneno." Rangasami, mpiga kinanda, aliushika ule muziki kwa vidole, na Mwalimu akatafuna tambuu na kuyabana maneno ya Kitamil ndani yake, kama mtu anayemvisha mtoto shati la jirani.

Siku ya wimbo ule wa mbuzi tajiri alikuwa Nachiappan, mwuza vitambaa aliyeingia kwenye picha kwa kishindo. Aliingia chumbani anahema.

"Mwalimu, mchekeshaji wangu amekaa tu, taa zinawaka, hana wimbo. Mbuzi wake ametumbukia kisimani akafa. Nataka amlilie, watu wacheke. Nipe kabla ya chakula cha mchana."

"Kilio cha namna gani, tajiri?"

"Mbolezi. Ile ya wanawake wa kijijini, ya kujipiga kifua. Si ndiko kwenu huko?"

Tajiri akatoka. Mwalimu akatafuna tambuu moja, akatafuna la pili. Kichwa kilikuwa kikavu. Wiki ile alikuwa ameshatunga nyimbo kumi na moja.

"Leo umefunga chakula au umefunga na akili?" Rangasami akamtania.

Hapo ndipo yakamjia maneno ya dada yake. Mume wa Pechiyammal, Irulappan, alikuwa mchimba visima, na ukuta wa kisima ulimporomokea. Siku walipomleta, Pechiyammal aliketi kwenye duara la wanawake, akalia kwa maneno ambayo kijiji hakikupata kuyasikia kabla ya siku ile. Kwetu mbolezi haiandikwi wala haifundishwi. Mwanamke huitoa mwenyewe kwa ajili ya maiti wake, na tangu siku hiyo ni yake. Akienda msiba wa jirani atamlilia wa jirani, kisha atamlilia na wake kwa maneno yale yale, na hakuna mwanamke mwingine atakayeyagusa. Ya Pechiyammal yalikuwa hivi:

Ulikwenda kututafutia maji, bwana wangu,
umerudi na udongo kinywani.
Nani atakula sasa ukoko
niliokufichia chini ya chungu?

Mwalimu aliandika mistari yote minne bila kuinua kalamu. Akaitazama. Akakata neno "bwana", juu yake akaandika "mbuzi". Hakuna aliyemlazimisha. Tajiri hakuwepo, na Rangasami hakujua kisa. Ilikuwa kalamu yake na mkono wake.

Rangasami akauharakisha muziki. Mchekeshaji akajaribu, akajipiga kifua, akajikwaa kwenye ndoo, akalia "ukoko, ukoko" mpaka mafundi wa taa wakashika mbavu. Mwalimu naye alicheka. Hili ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Alicheka hasa, mpaka tambuu likampalia, na jioni akajiambia kwamba Karisalpatti hakuna sinema, na hata umeme hakuna.

Kumbe sinema ina miguu. Mwaka uliofuata, wakati wa sikukuu ya mungu mke wa kijiji, akaja mtu na turubai, injini ya mafuta na mashine ya kuonyeshea. Mwalimu alikuwa amealikwa. Mzee wa kijiji alimvika shada la maua mbele ya watu, na mama yake akalia kwa furaha. Alipouliza picha gani italetwa, akatajiwa. Ilikuwa ile ya mbuzi.

"Na dada yako anakwenda," mama akasema. "Miaka minane hajatoka kwenda kutazama chochote. Nimemwambia, ni kazi ya mdogo wako hiyo, uliyembeba."

"Kuna vumbi mle, dada," Mwalimu akasema. "Watu wanakaa chini kwenye mchanga."

Pechiyammal alikuwa anapepeta uwele. "Na mimi hapa nimekaa kwenye kiti?"

Angeweza kumwambia palepale. Hakukuwa na mtu ila mama. Badala yake alikwenda kwenye turubai, akamtafuta mwenye mashine, akamwomba airuke rili ya saba ya mkanda.

"Ya saba?" yule mtu akashangaa. "Si ndiyo yenye mbuzi? Bwana, nikiiruka hiyo watanichomea turubai. Watu hawaji kumtazama binti wa mfalme wako."

"Mimi ndiye niliyetunga."

"Basi hongera. Kakae utazame."

Akaenda akakaa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, katikati ukuta mfupi wa udongo unaofika kiunoni. Aliliona vazi jeupe la ujane la dada yake kati ya nguo za rangi, karibu na mbele, kwa sababu watu walimpisha kwa heshima ya mdogo wake. Nyimbo sita za kwanza Pechiyammal alitikisa kichwa kufuata mapigo. Rili ya saba ikafika. Mchekeshaji akauinamia ule mdomo wa kisima cha mbao.

Turubai zima liliangua kicheko. Watoto walijigaragaza mchangani. Hata wazee waliocheza karata na Irulappan walicheka, kwa kuwa mchekeshaji alichekesha kweli, na ilichukua muda mtu kukumbuka maneno yale aliyasikia wapi. Wengine walikumbuka; Mwalimu aliona vichwa viwili vitatu vya wanawake vikigeuka taratibu kumtazama Pechiyammal. Yeye alikuwa ameuvuta upindo wa nguo yake akaubana kwa meno. Hakuinuka. Wimbo ulipokwisha watu wakapiga makelele urudiwe, na mwenye mashine, ambaye alijua biashara yake, akaizungusha rili nyuma akaupiga tena.

Asubuhi Pechiyammal alimwekea mdogo wake uji wa uwele na vitunguu vibichi. Alisubiri mpaka amemaliza.

"Watu walicheka sana," akasema.

Mwalimu alingoja matusi. Aliyatamani. Dada yake alichukua bakuli akaenda kuliosha, na yeye akapanda gari la ng'ombe la kwanza, na shada lake lilikuwa bado linanukia begani.

Tangu siku hiyo hakurudi. Kila mwezi alisema mwezi ujao. Alitunga barua kichwani: dada, ni mimi, si mtu mwingine, nisamehe. Mtu aliyeweza kutunga nyimbo tatu kabla ya chakula cha mchana alishindwa kuandika mistari miwili ile. Huko mitaani wimbo ulizidi kuimbwa. Kinyozi aliuimba huku wembe uko shingoni mwa Mwalimu.

Miaka miwili baadaye mama akafariki. Mwalimu alifika kwa treni, kisha kwa gari la ng'ombe, jua limeshapanda. Wapiga ngoma walikuwa wamekaa nje na ngoma zao mapajani. Ndani, mama amelazwa, taya limefungwa kwa kitambaa, na wanawake wamemzunguka, mikono juu ya mabega ya wenzao kama desturi. Lakini palikuwa kimya. Alishika mlango. Hakuwahi kusikia nyumba ya msiba ikiwa kimya namna ile.

Shangazi yake Ramakkal akamvuta pembeni.

"Tunamngoja dada yako. Yeye ndiye mkubwa, hakuna wa kuanza kabla yake."

"Kwani ana nini?"

"Unaniuliza mimi? Tangu lile turubai lenu hajafungua kinywa kwenye msiba wowote. Alijaribu mara moja, kwa jirani hapo. Vijana wakasimama mlangoni wakalia kama mbuzi. Hata marehemu alipata aibu." Mtu mzima yule akajifuta pua. "Sasa mama yako atatoka nyumba hii kama mtu asiye na binti. Nenda kamwombe. Wewe atakusikia."

Mwalimu akaingia, akapiga magoti mbele ya Pechiyammal. Dada alikuwa amekonda. Wanawake wote walimtazama.

"Dada, mlilie mama."

"Nitamlilia kwa maneno gani? Yangu ameshapewa mbuzi."

Hakuna aliyecheka.

"Nikuulize kitu," Pechiyammal akaendelea, kwa sauti ya chini, lakini nyumba ilikuwa kimya na wote walisikia. "Unijibu mbele ya mama. Watu hapa wanasema mdogo wangu ndiye aliyenifanya kichekesho. Mimi nimekataa. Nimewaambia, mdogo wangu aliyapeleka maneno yangu kwa heshima, yaimbwe na mke aliyefiwa, na wale watu wa picha wakamnyang'anya, wakatia mnyama wao. Nimegombana na watu kwa ajili hiyo. Kisimani nimegombana, shambani nimegombana. Nilisema uongo?"

Njiani Mwalimu alikuwa ameyapanga maneno yake. Safari hii angesema. Aliyarudia kwenye treni mpaka abiria wa pembeni akahama. Sasa alimwangalia mama, akawaangalia wale wanawake na mikono yao mabegani, wakingoja. Alijua akisema kweli Pechiyammal atanyamaza, na mama atatoka kimya. Alijua pia kwamba hiyo si sababu yake yote. Alitaka dada yake aendelee kumtazama vile alivyokuwa anamtazama.

"Hukusema uongo, dada."

"Si wewe uliyetia mbuzi?"

"Si mimi."

Pechiyammal akamshika kidevu, kama alivyokuwa anamshika alipokuwa mtoto mwenye kamasi. Uso wake ukalegea, na machozi aliyoyazuia miaka miwili yakaja yote kwa pamoja. Akageuka kwa maiti, akaweka mikono kwenye mabega ya wenzake, akafungua kinywa.

Nje wapiga ngoma wakainuka. Sauti yake ilikuwa imekwaruza mwanzoni, kisha ikakaa sawa, na duara zima likaanza kuyumba nayo. Alimlilia mama kwa jembe lake, kwa mgongo wake, kwa watoto watatu waliokufa kabla ya kupewa majina. Kisha, kama desturi inavyotaka, akamsifu mtoto wa kiume wa marehemu:

Inuka, mama, mwanao amefika,
ameniondolea aibu mbele ya watu.

Shangazi Ramakkal alilia kwa nguvu. Vijana waliosimama mlangoni walitazama chini. Wanaume wakamshika Mwalimu mkono mmoja mmoja, wakimwambia wamemdhania vibaya, na kila mkono alioupokea ulimchoma. Alitamani ardhi impasukie. Akakaa ukutani, kichwa ameinamisha, na machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli.

Pechiyammal akashuka sauti. Akamwuliza mama ni nani atakayemwamsha alfajiri, maana majogoo wote wa kijiji hiki wamezoea kuwika baada ya kikohozi chake. Lilikuwa neno jipya, limetoka wakati ule ule, zuri mno, na mama alikuwa anakohoa hivyo hivyo kabla jogoo hajawika.

Mwalimu alijikuta anatikisa kidole. Alikitazama. Kilikuwa kinapiga juu ya goti lake, taratibu, kinahesabu mizani ya ule mstari kuona kama unaingia kwenye muziki. Akauficha mkono chini ya paja akaukalia. Mstari alikuwa ameshaushika.