Koki Iliyotoka Bungoma

Mtu akimwaga mafuta ya taa karibu nami, hata tone moja, namwona Papa. Wengine hukunja pua. Mimi navuta pumzi. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alinukia mafuta hayo shingoni, vidoleni, hata kwenye shati la kanisani, kwa sababu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale. Trekta lenyewe liliwashwa kwa petroli kidogo, na likishapata moto linageuziwa mafuta ya taa. Hapo lilinguruma mpaka vikombe vya mama vikacheza kwenye kabati. Shamba zima lilijua huyo ni Papa, nami nilitembea kama mtoto wa chifu.

Mzungu wake tulimwita Bwana Upesi, maana hakujua kutoa amri bila neno hilo.

Nilikuwa darasa la pili. Mvua za kupanda zilikaribia, mawingu yakikaa juu ya Elgon kila alasiri, na ndipo trekta lilipougua. Linalima mifuo miwili, linakohoa, linazima. Papa anafungua kabureta, anapuliza, anazibua kitundu chake kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, linawaka. Mifuo miwili, kimya. Kila mara alitoa punje ndogo za kahawia, kama makapi ya wimbi. Siku ya tatu akazifuata punje zile kinyumenyume, kutoka kwenye kabureta, kwenye mrija wa shaba, mpaka kwenye kikombe cha kioo kinachoning'inia chini ya tangi, pale mafuta yanapoacha uchafu wake. Mdomo wa kikombe ulikazwa juu ya pete nyepesi ya kitu kama kizibo cha chupa ya dawa. Pete ilikuwa imeoza. Alipoigusa ikawa unga mkononi mwake.

Bwana Upesi akautazama unga ule. "Kok," akasema. "Tafuta kok mupya. Upesi! Kama trekta hapana tembea Jumatatu, mimi leta dereva ingine. Wewe rudi kwenu Kabuchai na bibi na toto yote."

Hebu fikirini. Tuliishi ndani ya shamba lake. Nyumba yetu, kishamba chetu cha mahindi, shule yangu, vyote vilining'inia kwenye kiti kile cha trekta. Mayi, yaani mama yangu, aliposikia habari aliacha kusonga ugali, mwiko umesimama katikati ya sufuria.

Papa akapanda baiskeli hadi Kitale. Duka la vipuri halikuwa na pete ile, ila wakamwambia yuko fundi Kalasinga, Mhindi wa kilemba, huko Bungoma anayehifadhi vipande vya matrekta kuukuu kama letu. Papa hakuruhusiwa kuondoka shambani siku mbili, basi akaamua kumtuma Simiyu, dereva wa lori la mahindi. Lakini Simiyu alikuwa msahaulifu ajabu. Ilibidi aandikiwe. Na nyumbani kwetu aliyejua kuandika ni nani? Ni mimi.

Sitawaficha, siku ile nilivimba. Nilichonga penseli mpaka ikakaribia kwisha.

"Andika, tunataka kok ya mafuta," Papa akasema.

Nikacheka. "Papa, neno haliwezi kukatika hivyo. Ni koki."

"Bwana alisema kok."

"Mwalimu ametufundisha, neno lazima liishie kwa a, e, i, o au u. Ni koki!"

"Lakini koki si ile ya kufungia mafuta?"

Kwa hilo pia nilikuwa na jibu. "Wazungu wana neno moja kwa vitu viwili, Papa."

Akasema kwa unyenyekevu ambao mpaka leo unanichoma, "Haya, wewe ndiye msomi." Nikaandika KOKI YA MAFUTA kwa herufi kubwa, nikanakili na jina la trekta kutoka ubavuni mwake.

Jumamosi mchana lori likafika. Simiyu akaruka chini, furaha tele, mkononi ana kifurushi cha gazeti. "Mzee, una bahati, bana! Kalasinga amesoma kalatasi, akasema hii imebaki moja tu!"

Akafungua. Ilikuwa koki, koki kabisa, ya kufungulia na kufungia mafuta, imesuguliwa ikang'aa. Nzuri sana, na haikuwa na kazi, maana yetu ilikuwa nzima.

Papa akaigeuza mara mbili. Simiyu akashtuka. "Ati siyo? Si mliandika koki?"

Wakamuaji wa ng'ombe walikuwa wamekusanyika. Mmoja akauliza, "Nani aliandika?"

Papa akaichukua ile karatasi kwa Simiyu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mimi ndiye nilisema koki. Mdomo wangu ni mzito kwa Kizungu."

Basi wakamcheka! "Dereva, kesho utaagiza tairi uletewe tai!" Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Tena niliamini. Kwa moyo mweupe kabisa niliamini kwamba Papa ndiye aliyekosea, kwamba alimsikia mzungu vibaya.

Papa aliingia ndani, akatoka na kofia yake ngumu ya jua, nyeupe, aliyopewa na mzungu wa kwanza kumfanyia kazi. Wafanyakazi wote wa shamba lile, hakuna mwingine aliyekuwa na kofia kama hiyo. Mayi aliipaka chokaa kila Jumamosi ili ing'ae kanisani. Ilikuwa na ufa ukingoni, na ndani ya ufa huo Papa alikuwa amekwisha kuona kitu chepesi cha kahawia, ndugu wa ile pete iliyooza.

Alipochana kitambaa kilichoifunika, Mayi alipiga kelele. "Baba Nekesa! Hiyo kofia!"

"Kichwa kina nywele," Papa akasema.

Akabandika mdomo wa kikombe juu ya kofia, akauzungushia alama kwa mkaa, akakata kwa wembe. Pete ya kwanza ikapasuka. Ya pili ilikuwa nene upande mmoja, mafuta yakavuja. Kofia sasa ilikuwa na madirisha mawili, na mimi nikaanza kulia. Ya tatu aliisugua taratibu kwenye jiwe, anaipima, anaisugua tena, kisha akaiweka na kukaza. Tukachuchumaa sote watatu tukitazama chini ya kikombe. Papa akapitisha kidole. Kikatoka kikavu.

Jumapili alikwenda kanisani kichwa wazi. Jumatatu trekta lililima mifuo miwili, likapita, likalima kumi, na mimi nikahesabu mpaka nikachelewa shule. Bwana Upesi aliinama akakagua kikombe. "Kok hii toka wapi?"

"Kichwani, bwana."

Mzungu akadhani anaambiwa habari za akili. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Miaka mitatu baadaye, katika kitabu cha Kiingereza, nilikuta picha ya chupa na kizibo chake, na chini yake neno la herufi nne, cork, lililoishia kwa k, bila irabu yoyote mwishoni. Masikio yaliniwaka moto. Kengele ilipolia nilikimbia mpaka shambani, nikamkuta Papa amelala chali chini ya trekta, nikaieleza miguu yake mambo yote, maana uso haukuonekana.

"Nilijua tangu Simiyu alipofungua lile gazeti," akasema kutoka kule chini. "Nipe spana."

"Sasa mbona ulijisingizia?"

Alikaza nati kwanza. "Wale watu wangekucheka wewe siku ile, Nekesa, penseli usingeishika tena. Kofia ningepata nyingine."

Kofia nyingine hakupata. Penseli sikuiacha.